Kadhi Baina ya Serikali na Jamaa: Khabari za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui



Ukadhi katika pwani ya Kenya ulikuwa na uzito wake tangu mwanzo. Katika mwaka wa 1895 Waingereza walipatana na Sultani wa Unguja kuitawala nchi ya pwani kwa jina lake, na mwaka wa 1897 mahakama za makadhi zikaingizwa katika sheria za utawala huo. Tangu hapo kadhi akawa mtu wa pande mbili: mshahara wake watoka serikalini, na elimu yake yatoka msikitini. Mwanamke aliyeachwa bila ya masurufu, na yatima aliyedhulumiwa mirathi, hawaulizi khabari za mapatano ya 1895. Waja kutaka haki yao. Naye mkubwa wa serikali ataka mambo yaende kwa kanuni zake. Kadhi akielemea upande mmoja, ule wa pili humpotea.

Aliyeifahamu vyema shida hii ni marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyezaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa Kadhi Mkuu. Basi kazi hii aliijua kwa ndani kabla ya kupewa.

La kuzingatiwa ni kwamba hakuanza na kiti. Alianza na karatasi. Mwaka wa 1930 alitoa gazeti dogo, Sahifa, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka wa 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Zama zile fiqhi ilisomwa katika vitabu vya Kiarabu mbele ya sheikh, na wengi waliokaa msikitini waliitikia wasichokifahamu. Sheikh Al-Amin, aliyekuwa msomaji wa Al-Manar ya Sheikh Rashid Rida wa Misri, aliwaandikia watu kwa lugha yao: juu ya gharama za arusi na matanga zinazowafilisi watu, juu ya Waislamu kuachwa nyuma katika elimu, na juu ya mabinti kunyimwa elimu hiyo. Elimu ya kisasa aliitaka, lakini aliitaka pamoja na dini. Na watoto aliwatungia vitabu vyao vya kuanzia. Wako waliochukizwa, hasa alipozigusa ada ambazo wazee walizidhani ni dini. Hilo halikumnyamazisha.

Katika mwaka huo wa 1932 akafanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka wa 1937 Kadhi Mkuu, mpaka alipofariki mwaka wa 1947. Makala yake yalikusanywa katika kitabu Uwongozi, mwaka wa 1944. Faida yake ni dhahiri: hukumu ya mirathi isiyofahamika huonekana dhulma hata ikiwa sawa, lakini aliyekwisha kufundishwa hukumu hiyo hupokea fungu lake kwa moyo mkunjufu. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu naye. Kisha akafuata Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, ambaye tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili, iliyotolewa Nairobi mwaka wa 1969, imesomwa hata huku bara.

Huku Uganda mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya mwaka wa 1906 iliikubali ndoa na talaka ya Kiislamu, na Katiba ya 1995, katika kifungu cha 129, ikataja mahakama za makadhi zitakazowekwa na Bunge. Ikapita zaidi ya miaka 20 bila ya Bunge kuitunga sheria hiyo. Kule pwani kadhi alikuwa na kiti cha serikali, akaitafuta imani ya watu. Huku kadhi wa Baraza Kuu la Waislamu, lililoundwa mwaka wa 1972, amekuwa na imani ya watu bila ya nguvu ya sheria. Mjane mwenye watoto huenda kwake, akahesabiwa thumuni yake barabara, na wanawe mafungu yao. Kisha huambiwa aende mahakama ya serikali kutafuta hati ya kusimamia mali ya marehemu, na huko asiyejua njia huhitaji mtu wa kumwandikia barua na kufuatana naye.