Saini za Mlimani

Mlima Kilimanjaro ulidaiwa saini kabla haujapata shule. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa Moshi kwa Mangi Rindi, akijitambulisha kuwa mtafiti wa mimea na wanyama, na aliporudi kwao alikuwa na mikataba mkobani. Mwaka uliofuata akapanda Jenerali Lloyd Mathews, mkuu wa jeshi la Sultani Barghash wa Zanzibar, na mamangi wakakiri kwa maandishi kuwa wao ni watu wa Sultani. Haukupita muda akafika Mjerumani Carl Jühlke, mtu wa mkoloni Carl Peters, naye akapata alama ya Rindi kwenye karatasi yake. Mlima mmoja, wadai watatu, kila mdai na hati yake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakachora mpaka wao kwenye ramani, na hakuna aliyerudi Moshi kumuuliza mwenye alama.

Wapo wanaosema Rindi alidanganywa. Mimi sikubali moja kwa moja. Rindi alikuwa anakijua Kiswahili, alikuwa amezoea misafara ya pwani, na mwaka 1889 alituma wajumbe wake hadi Berlin kwa Kaisari, wakarudi na zawadi. Mtu wa namna hiyo anajua mgeni anataka nini. Kwake, nadhani, alama kwenye karatasi ilikuwa sehemu ya ukarimu, kama mbege na mbuzi wa kuchinja. Wageni ndio waliozikunja karatasi zile, wakazifunga kwenye bahasha na kuzihifadhi. Ukiniuliza nani mkusanyaji wa kwanza wa maandishi Kilimanjaro, nitakujibu kwamba ni mtu aliyekuwa na dai.

Kazi yangu mimi ni karatasi. Najalidi vitabu karibu na Soko la Mbuyuni mjini Moshi, kazi niliyoipata ujanani kwenye kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Nina sindano, uzi, nta, gundi ninayoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, na mashine ya kukatia ya chuma ambayo ni nzee kunishinda. Hakuna mteja aliyewahi kuingia akasema ana kitabu adimu. Wanaleta Biblia ya bibi iliyoachia uti, rejesta ya ubatizo iliyoliwa pembe na mende, kitabu cha mahesabu cha chama cha msingi, fungu la stakabadhi za kahawa lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Wanataka vishikane, basi. Mara nyingi kuna kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, nyuma yake, na rejesta ndiyo inayoonyesha nani alibatizwa mtoto wa nani, mwaka gani, Kidia au Mamba au Machame. Wamisionari wa Leipzig walioanza kazi huku mwaka 1893 waliandika majina ili kuhesabu waumini. Wajukuu wanayasoma kupima mipaka ya migomba.

Kitabu kuhusu mlima wetu ambacho wanunuzi wa Ulaya wanakitafuta kwa udi na uvumba ni cha Hans Meyer, aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Kilitoka Leipzig mwaka 1890, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata London mwaka 1891. Meyer hakuwa mpandaji milima tu. Alitoka katika ukoo wa wachapaji, wenye Bibliographisches Institut ya Leipzig iliyotoa ile ensaiklopidia kubwa ya Meyer, kwa hiyo alijua kitabu kizuri kinatakiwa kionekaneje: picha, ramani, karatasi nene. Hata jiwe alilolichukua kileleni lilifuata njia za wakusanyaji. Sehemu moja alimpa Kaisari, ikapachikwa ukutani katika jumba la kifalme la Potsdam. Nyingine ilibaki kwa familia yake, na miaka mingi baadaye ikaangukia mikononi mwa muuza vitabu vya kale nchini Austria. Kwa hiyo jiwe la Kibo limewahi kuwa bidhaa ya duka la vitabu. Nikilifikiria hilo nacheka, halafu nanyamaza.

Lakini kisome kitabu chenyewe. Mtu aliyebaki na Wazungu wale wawili kwenye kambi ya juu, kwenye baridi, akilinda moto na hema wakati wao wanapambana na barafu, ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Meyer amemtaja kwa jina. Kule Marangu, kwa upande mwingine, anayeheshimiwa ni mzee Yohani Kinyala Lauwo. Kamati ya kuadhimisha miaka mia moja, mwaka 1989, iliamua kwamba alikuwa kwenye msafara ule, naye akafariki mwaka 1996 akiwa na sifa hiyo. Mzee mwenyewe, walipomhoji, hakumkumbuka Meyer; alichokikumbuka ni kwamba alipanda bila viatu. Mimi simvui mzee Lauwo heshima yake, kwani alipanda, na bila viatu. Ninachosema ni kwamba Mwini Amani hana kibao cha kumtosha mahali popote, na ushahidi wake umo ndani ya kitabu ambacho watu wa Pangani na wa Marangu hawana fedha ya kukinunua.

Kitabu cha Meyer, hata hivyo, hakitapotea. Kiko kwenye maktaba nyingi za dunia na siku hizi kinasomeka kwenye simu. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni madaftari ya Nathaniel Mtui.

Mtui alikuwa mwalimu wa Marangu, zao la shule za Leipzig. Kati ya mwaka 1913 na 1916 alijaza madaftari tisa ya historia ya Wachagga kwa Kichagga, akimwandikia mchungaji Bruno Gutmann wa Moshi ya Kale. Fikiria miaka hiyo. Vita vimeanza, na Machi 1916 majeshi ya Waingereza yanaingia Moshi, serikali inabadilika mchana kweupe, na kuna mwalimu anaandika nani alimshinda nani Kilema, nani alikimbilia Kibosho, Mangi gani alimzaa nani. Aliwafikia wazee waliokuwa vijana enzi za Rindi na Mangi Sina wa Kibosho. Wazee hao leo hawapo, na watoto wao pia hawapo.

Gutmann alifukuzwa nchini mwaka 1920 pamoja na wenzake, akarudi baada ya miaka kadhaa, na mwaka 1926 kikatoka kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga, kurasa zaidi ya mia saba za Kijerumani. Kathleen Stahl alipoandika historia ya Wachagga iliyotoka 1964, alimtegemea Mtui. Sally Falk Moore alipoandika juu ya sheria na ardhi ya Kilimanjaro, kitabu cha 1986, naye alimrejea. Hivyo maneno ya mwalimu wa Marangu yamesafiri ndani ya vitabu vya wenzake, yakapata faharasa na majalada ya kitambaa. Yeye kama yeye hana kitabu chenye jina lake ambacho mwanafunzi wa Ashira anaweza kwenda kukinunua dukani. Nimekaa na watu wanaoweza kukutajia bei ya Meyer chapa ya kwanza, na jina la Mtui hawajawahi kulisikia. Soko la vitabu adimu lina akili zake.

Sisi wenyewe hatujawa watunzaji wazuri, nalo tuliseme. Mangi Petro Itosi Marealle aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kikachapwa Nairobi mwaka 1947, kitabu chembamba cha Kiswahili safi chenye mambo ya uzazi, tohara, ndoa, mazishi. Wachapishaji Mkuki na Nyota wakaja kukitoa tena, tuwashukuru. Nakala za mwanzo zilizopita mezani kwangu zilikuwa zimesomwa mpaka zikachakaa, na hiyo ni sifa kwa kitabu. Gazeti la Komkya ni habari nyingine. Lilianzishwa mwaka 1953 na Baraza la Wachagga, enzi za Mangi Mkuu Thomas Marealle, likiwa na bei ya kahawa, mashauri ya baraza, barua za wasomaji waliogombana kwa adabu kubwa. Sijawahi kuletewa mfululizo wake nikaujalidi. Nimeletewa vipande. Gazeti lilikuwa karatasi nzuri ya kufungia karanga, na ndivyo lilivyokwisha.

Kwenye kahawa hasara ni kubwa zaidi. Wakulima wa huku walianzisha chama chao mwaka 1925, chini ya Joseph Merinyo, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikachukua nafasi yake. Hebu piga hesabu ya karatasi: kila mkulima, kila msimu, kilo alizopeleka, malipo ya kwanza, malipo ya pili, saini ya karani na dole gumba la mkulima. Hakuna mshairi wala mtawala aliyeiandika Kilimanjaro kwa marefu na mapana kama makarani wale. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na viliporudi mwaka 1984 ofisi nyingi zilikuwa zimeshahama mikono. Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi kinajitahidi. Hata hivyo miaka ile ya katikati, sokoni, niliwahi kununua vitumbua vilivyofungwa kwenye ukurasa wa leja wenye majina ya ukoo mzima wa watu ninaowafahamu, na mafuta yameshaingia kwenye safu ya malipo ya pili.

Ndiyo maana familia moja ya Marangu ilipokuja na daftari la babu yao Daudi, mwongozaji wa wapanda mlima, niliosha mikono kwanza.

Waongozaji wa zamani walikuwa na madaftari ya sifa. Mteja akishuka mlimani anaandika maneno mawili matatu, anatia saini na tarehe, na mwongozaji analibeba daftari hilo hotelini Marangu kuwaonyesha wageni wanaofuata. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na leo kuna leseni, kampuni na vyeti vya kufika kilele cha Uhuru. Zamani daftari ndilo lililomtafutia mtu kazi. Hili lilikuwa la jalada jeusi, limevimba kwa unyevu na kunuka moshi wa kuni, saini za miaka ya hamsini na sitini. Mmoja anasema Daudi alimbeba mgongoni kutoka kwenye changarawe. Mwingine analalamika kwamba uji ulikuwa na chumvi, halafu anamsifu. Mzee wa tatu, kwa mwandiko wa kutetemeka, ameandika jina lake na neno moja tu: baridi.

Aliyewatuma kwangu hakuwa babu. Alikuwa mnunuzi kutoka nje, mkusanyaji wa saini za wapanda milima maarufu. Alikuwa amepigiwa picha ya kila ukurasa, na akaona saini moja aliyoitaka. Ukurasa huo tu, alisema, aukate kwa wembe, nami nishone daftari lionekane halikuguswa. Bei aliyotaja ingelipa ada ya mtoto.

Mjukuu akaniuliza, "Mzee, si karatasi moja tu? Itaharibu nini?"

"Mwanangu, daftari halina karatasi moja," nikamwambia. "Njoo uone."

Nikamfungulia katikati ya uti. Daftari la kushona ni karatasi zilizokunjwa katikati na kupitishwa uzi kwenye mkunjo. Ukurasa wa mbele umeungana na mwenzake wa nyuma. Ukikata huu, ule unabaki umeshikwa na pumzi, na baada ya mwezi unadondoka. Tukafuata ukurasa wa saini ile maarufu mpaka kwa mwenzake. Kule nyuma hapakuwa na sifa za mgeni yeyote. Babu alikuwa ameandika mwenyewe, kwa penseli, orodha ya wapagazi wa safari moja: majina, mzigo wa kila mmoja, na shilingi alizolipwa. Wawili wana alama ya msalaba kando, na mama wa yule kijana, aliyekuwa amekaa kimya kwenye benchi, akasema hao ni waliougua juu wakashushwa.

"Huyu ni mjomba wa baba yangu," akaongeza, akiweka kidole pembeni ya jina bila kuligusa. "Sikujua kama alipandaga."

Walizungumza Kichagga wao kwa wao kwa muda. Mimi nikajifanya napika gundi. Mwishowe mama akasema nilishone lote kama lilivyo, na kwamba watalipeleka likapigwe picha Dar es Salaam, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, halafu lirudi nyumbani. Nilitoza bei ya kawaida. "Aika, mbe," akaniaga kwa shukrani.

Mnunuzi hajakata tamaa. Amepata namba yangu na ananiandikia kwa upole, kila mara bei imepanda kidogo, kana kwamba mimi ndiye mwenye daftari. Nimemjibu mara moja tu, nikampa bei zangu za kujalidi: jalada la kitambaa, jalada la ngozi, na kushona upya bila kukata.