Waliothaminiwa Kabla ya Kuhesabiwa

Machi 2, 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja wa NBA (ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani), rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Alimaliza msimu huo kwa wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo. Hata hivyo, tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Bill Russell wa Boston Celtics, aliyekuwa na wastani wa pointi 18.9.

Enzi hizo waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliokutana na Russell chini ya kikapu. Mpinzani aliporuka kufunga, Russell alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaugusa mpira badala ya kuubamiza hadi jukwaani. Mpira ulibaki uwanjani, mwenzake akaudaka, na kabla wapinzani hawajageuka Celtics walikuwa wakishambulia upande wa pili.

Karani wa mezani hakuwa na pa kuiandika kazi hiyo. NBA ilianza kuhesabu mipira iliyozuiwa na iliyoporwa msimu wa 1973-74, miaka minne baada ya Russell kustaafu na mataji 11 katika misimu 13.

Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alizikuta hesabu hizo zimekwishaanza. Wastani wake wa pointi ulikuwa 9.8, lakini alizuia mipira 3,289. Tangu NBA ianze kuhesabu, ni Hakeem Olajuwon peke yake aliyemzidi. Alichaguliwa mlinzi bora wa ligi mara 4.

Hata hivyo, ulinzi mwingi hauishii kwa mpira kuzuiwa wala kuporwa. Ndiyo maana klabu zilikigeukia kipimo kilichotangulia kutumika katika mchezo wa magongo wa kwenye barafu: mchezaji akiwa uwanjani, timu yake inawazidi wapinzani kwa pointi ngapi, au inazidiwa kwa ngapi? Mwaka 2009 mwandishi Michael Lewis alieleza jinsi Houston Rockets walivyomthamini mchezaji wao Shane Battier kwa jicho hilo. Akimkaba mfungaji nyota Kobe Bryant, Battier alimsukumia kwenye maeneo ambayo hafungi vizuri, kisha akamwekea kiganja mbele ya macho wakati wa kurusha. Bryant akikosa, jina la Battier halikuandikwa popote.

Kipimo hicho nacho kina kasoro, kwa kuwa mchezaji wa kawaida akizungukwa na nyota hupanda nao. Kinahitaji michezo mingi na jicho la kocha kando yake. Kuanzia 2016, NBA imekuwa ikitangaza pia mipira iliyoguswa ikapotea njia, mipira iliyogombaniwa sakafuni, na wachezaji waliosimama imara wakagongwa na mshambuliaji.

Makocha na waandaaji wa ligi zetu wana la kujifunza hapa. Tuzo inayotolewa kwa kutazama pointi peke yake humpunja mchezaji aliyefanya kazi, na huwafundisha vijana kuikimbia kazi hiyo hiyo inayoleta ubingwa.