Mageuzi jumuishi ya kidijitali katika elimu

Tuanze na neno lililo jepesi katika kichwa hiki. "Dijitali" ilituingia kupitia televisheni: Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, asiyekuwa na king'amuzi alibaki akitazama chenga. Haikuchukua muda, mtu aliyepitwa na wakati akawa anaitwa "analojia".

"Mageuzi" nalipenda kuliko "mabadiliko". Kwa Mtanzania linakumbusha 1992, vyama vingi viliporudi. Yaani mfumo wenyewe unaguswa. Shule iliyopewa kompyuta ikazifungia ofisini kwa mwalimu mkuu imepata vifaa tu, si mageuzi. ("Mapinduzi" tuwaachie Wazanzibari.)

Kazi iko kwenye "jumuishi", kuanzia mahali pa kuliweka. Ukisema "elimu jumuishi ya kidijitali", msomaji anawaza watoto wenye ulemavu wanaosoma darasa moja na wenzao, kwa kuwa ndiyo maana iliyozoeleka. Maana hiyo isipotee. Kishikwambi kisichoweza kumsomea kwa sauti asiyeona kinamwacha palepale. Lakini "jumuishi" likikaa jirani na "mageuzi", linamhusu kila anayeweza kuachwa nyuma.

Nao ni akina nani? Nenda Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Huu ni ukanda wa dhahabu. Rashi, yaani mkurupuko wa kukimbilia dhahabu, ikilipuka mahali, baba anahama, pengine na familia nzima, na mtoto anaacha shule aliyoandikishwa. Kama nyumbani kuna simu moja, tena ya kitochi, inashinda na baba duarani, kwenye shimo la kuchimbia dhahabu. Mtoto huyo hata akifika kidato cha kwanza, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, ilhali nyumbani huenda anazungumza Kisumbwa au Kisukuma. Maktaba mtandao yenye vitabu vya Kiingereza kitupu inampa mlima wa pili juu ya ule wa simu na bando.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, vipindi vya masomo vilihamia redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Mwenye redio ya betri alikuwa na nafasi kubwa kuliko mwenye anwani ya tovuti asiyeweza kuifungua. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kidijitali maana yake lazima simu janja. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu, iliwahi kupeleka maswali ya marudio kwa ujumbe mfupi, na ujumbe mfupi unaingia hata kwenye kitochi.

Vishikwambi vya sensa ya 2022 vilikuja kugawiwa walimu, jambo jema. Ila kama mwalimu anakinunulia kishikwambi chake bando kwa mshahara wake, na mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu shuleni, hapo tuandike "vifaa vya kidijitali" na "jumuishi" tuliweke akiba.