Jembe la Adhabu na Daftari la Bustani: Hoja kuhusu Kilimo Shuleni

Kipande changu kilikuwa nyuma ya choo cha wavulana. Tuliochelewa namba tulipimiwa hatua kumi kwa kumi, tukapewa majembe yenye mipini iliyolegea, na mwalimu wa zamu akakaa kivulini na fimbo yake kungoja magugu yaishe. Nililima pale mara nyingi. Katika miaka saba ya shule ya msingi sikumbuki hata siku moja nilipoulizwa mmea niliokuwa nikiung'oa unaitwaje. Magugu yakiisha, kipande kiliachwa hivyohivyo bila kupandwa chochote. Mvua ilinyesha, magugu yakarudi, na wachelewaji wa muhula uliofuata wakapata pa kulimia.

Naanza na kumbukumbu hii kwa sababu maandiko mengi kuhusu bustani za shule huanza na ahadi: watoto watakula vizuri, watapenda kilimo, watatunza mazingira, na wazazi wao wataiga. Ahadi hizo si za uongo. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki huzisoma akiwa na sugu viganjani. Anaijua shule iliyokuwa na ekari kadhaa za mahindi ambayo wanafunzi wake hawakuonja hata kibaba cha mavuno. Anamjua mwalimu aliyepeleka darasa zima kupalilia shamba lake binafsi. Anayetaka kuzitetea bustani za shule leo, kama ninavyotaka mimi, hana budi kulijibu kwanza jembe hilo la adhabu.

Hoja yangu ni moja. Bustani humgusa mtoto, na kupitia kwake hugusa nyumba na kijiji, pale mtoto anapokuwa na mamlaka juu yake: anashiriki kuamua kipandwe nini, anaandika kinachotokea, na anakula kinachovunwa. Mambo hayo matatu yasipokuwepo, kinachobaki ni nguvukazi ya bure, hata ikiitwa mradi wa lishe au wa ujasiriamali.

Neno kipande lenyewe limebeba historia nzito. Katika mashamba makubwa ya Tanganyika ya kikoloni, kipande kilikuwa kadi ya kibarua, yenye nafasi za siku 30 za kazi zilizopaswa kujazwa ndipo mtu alipwe. Kuanzia mwaka 1902, utawala wa Kijerumani uliwalazimisha watu wa kusini mashariki kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Waliong'oa walikuwa wakulima hodari, wenye mtama na mpunga wao. Walichokikataa ni kilimo cha amri ambacho faida yake ilikwenda kwa mwingine. Sisemi kwamba mwalimu wa zamu ni akida. Nasema kwamba katika nchi hii jembe lina kumbukumbu, na shule inayoligeuza kuwa fimbo inaiamsha kumbukumbu hiyo kila asubuhi.

Waingereza nao walikuwa na nadharia yao. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, miongoni mwa wajumbe wake akiwa mwanazuoni wa Pwani ya Dhahabu, James Aggrey. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikatoa tamko la sera lililotaka elimu ya Waafrika iendane na mazingira yao, yaani ielekee zaidi kijijini, kwenye kilimo na kazi za mikono. Wazazi wengi waliitilia shaka sera hiyo, na walikuwa na sababu. Waliona mtoto wa mkoloni hafundishwi kulima. Waliona pia kwamba mshahara, heshima na sauti mbele ya serikali vilipatikana kwa kalamu. Mwaka 1965 msomi wa elimu Philip Foster, akitumia uzoefu wa Ghana, aliupa mtazamo huo wa wazazi hadhi ya kitaaluma: wanafunzi hawakimbii shamba kwa sababu mtaala umewapotosha, wanalikimbia kwa sababu wanausoma uchumi vizuri kuliko wapangaji wa mtaala. Bustani ya shule, kwa mantiki hiyo, haiwezi kumfanya kijana abaki kijijini ikiwa bei ya mazao haimlipi.

Kwa swali aliloliuliza, naamini Foster alikuwa sahihi, na watetezi wengi wa bustani za shule wangefanya vema kukubali hivyo waziwazi. Mtoto wa darasa la nne hapandi mchicha ili awe mkulima, kama asivyosoma ngonjera ili awe malenga. Mwanafalsafa John Dewey alikwisha kuligusa jambo hili mwaka 1916 alipoandika kwamba bustani shuleni haina haja ya kuwepo kwa ajili ya kuandaa watunza bustani wa kesho. Ni njia ya kuingilia elimu ya udongo, mwanga, wadudu, na nafasi ya kilimo katika historia ya binadamu. Tukiitoa bustani kwenye mzigo wa kuzalisha wakulima, pingamizi la Foster linakosa pa kushika, nasi tunabaki na swali zuri zaidi: mtoto anajifunza nini pale ambacho hawezi kujifunza ubaoni?

Nitatoa mfano mmoja, na nitaukalia kidogo kwa kuwa umenishangaza tangu nilipoujua nikiwa mtu mzima. Ng'oa mche wa kunde wenye wiki sita hivi, taratibu, pamoja na udongo wake. Uoshe mizizi. Utaona vinundu vidogo kama punje za mtama. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani ni chekundu, kama nyama. Wekundu huo unatokana na leghemoglobini, protini iliyo jamaa ya hemoglobini inayotia wekundu damu ya mtoto mwenyewe, na kazi zake zinafanana, kwani zote mbili hushika oksijeni. Ndani ya kinundu wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni takribani asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Mkunde nao huwalipa sukari. Kinundu kikiwa cheupe au cha kijani ndani, ujue hapo kazi hiyo haifanyiki.

Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa ukucha wake hahitaji kukaririshwa kwa nini bibi yake huchanganya kunde na mahindi shambani. Anarudi nyumbani akijua bibi alikuwa na sababu, na bibi anapata mtu wa kumweleza mengine anayoyajua: mbegu gani hustahimili jua, ni lini mchwa hupanda, majivu huwekwa wapi. Hapa ndipo ninapoona mwanzo wa jamii kuguswa. Maarifa yanakwenda pande zote mbili, na shule inaacha kuwa mahali pa kumfundisha mtoto kuwadharau wazee wake. Kifaa kilichohitajika ni ukucha.

Julius Nyerere alilitaka jambo hili, ingawa wengi wetu tulilipokea nusunusu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alisema shule iwe pia shamba. Sentensi hiyo ilitekelezwa kila wilaya. Lakini waraka uleule ulitaka wanafunzi washiriki katika uamuzi kuhusu shamba, waweke hesabu za gharama na mavuno, wajifunze kwa kutenda, na waone matunda ya jasho lao katika maisha yao ya shuleni. Sehemu hiyo ya pili ilisahaulika kwa urahisi wa kutisha. Jembe lilibaki kwa mwanafunzi, daftari la hesabu likahamia ofisini. Miaka mingi tumekuwa tukibishana kama Elimu ya Kujitegemea ilifaulu au ilishindwa. Mimi naona tulijaribu nusu ya shokoa na kuikata nusu ya shule.

Zipo sababu za kawaida kabisa zilizochangia, na mojawapo ni kalenda. Tanzania mwaka wa shule huanza Januari na kuisha Desemba, likizo ndefu zikiangukia Juni na Desemba. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama nyanda za juu kusini, mahindi hupandwa Novemba na Desemba, watoto wakiwa kwenye mitihani au wamefunga shule, na huvunwa katikati ya mwaka, wakiwa tena likizoni au wakielekea huko. Shule inayochagua mahindi imechagua zao ambalo mtoto hataliona likiota wala likikauka. Atakutana nalo wakati wa palizi tu, yaani wakati wa kazi tupu. Mchicha ni kinyume chake: wiki tatu au nne tangu kusia, majani yako sufuriani. Matembele, kunde za majani, mnavu na bamia vyote hukubali kuanza na kuisha ndani ya muhula. Ndiyo maana napendelea bustani ndogo, matuta manne au matano karibu na bomba la kunawia mikono, kuliko ekari za nyuma ya uwanja wa mpira. Udogo wake una faida nyingine: mwalimu mwenye wanafunzi 80 anaweza kuligawa darasa katika vikundi, kila kikundi tuta lake, na kila tuta likawa jaribio. Hili lina samadi, lile halina. Hili limewekwa matandazo, lile liko wazi. Nani anamwagilia mara chache zaidi, na kwa nini?

Utafiti nao unatuonya tusiitarajie bustani ifanye miujiza peke yake. Kituo cha Kimataifa cha Mbogamboga, ambacho kina tawi jijini Arusha, kilishiriki kupima bustani za shule katika nchi kadhaa kwa kulinganisha shule zilizopata bustani na zisizopata. Nchini Nepal, tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilionesha kwamba watoto walipata maarifa zaidi kuhusu mboga na lishe, lakini ulaji wao haukubadilika. Wengine wamelitumia tokeo hilo kusema bustani ni kupoteza muda. Nalisoma tofauti. Mtoto hapiki. Anayeamua kitakachoingia chunguni ni mama, shangazi au bibi, kulingana na kilichopo na fedha iliyopo. Baadaye, hukohuko Nepal, bustani za shule zilipounganishwa na bustani za nyumbani, wazazi wakahusishwa, watoto walianza kula mboga zaidi. Kwa hiyo mlango wa jikoni ni sehemu ya mradi. Bustani isiyoutafuta mlango huo itabaki somo, na somo si jambo dogo, lakini isijitangaze kuwa tiba ya utapiamlo.

Kuhusu uamuzi wa watoto wenyewe, mfano ulio karibu ni wa Dar es Salaam. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall wakiwa na dukuduku kuhusu yale waliyoyaona katika maeneo yao, na hapo ukaanza mtandao wa Roots & Shoots ambao sasa umeenea katika nchi nyingi. Kanuni yake tangu mwanzo ilikuwa kwamba vijana ndio wanaochagua tatizo la kushughulikia. Nchini Kenya vyama vya kilimo vya wanafunzi vya 4K, ambavyo jina lake hubeba kuungana, kufanya na kusaidia Kenya, vilizinduliwa upya mwaka 2021 baada ya kufifia kwa miaka mingi. Navitakia heri, na ningependa vipimwe kwa kigezo kilekile: daftari la chama liko mikononi mwa nani?

Lipo pingamizi moja ambalo sina jibu jepesi kwalo, nalo ni maji. Katika shule ambako watoto hubeba dumu la maji kutoka nyumbani kila asubuhi, bustani huongeza dumu la pili, na mara nyingi ni wasichana watakaolibeba. Sesa badala ya tuta husaidia, kwa kuwa hukinga maji yasitoroke. Bustani ya gunia yenye kokoto katikati husaidia pia, na maji ya kunawia mikono yanaweza kulisha mgomba au mpapai. Lakini pale ambapo hata maji ya kunywa ni ya kutafuta, naona ni haki kusubiri bomba au tangi kwanza. Mradi usioweza kusubiri maji unawatumia watoto, hauwafundishi.

Pingamizi la mitihani ni jepesi zaidi. Kupima eneo la tuta ni hesabu. Kueleza kilichoziua nyanya ni insha na ni sayansi. Mauzo ya ziada ni uwiano na asilimia. Kinachohitajika ni mwalimu aruhusiwe kutoa alama kwa daftari la bustani kama anavyotoa kwa jaribio la Ijumaa. Na kabla ya yote hayo, kamati ya shule ipige marufuku kulima kama adhabu. Hakuna mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kumsomesha kitabu kizuri, maana anajua atakichukia. Tuta la mchicha linastahili ulinzi huohuo.

Inabaki Desemba, mwezi ambao bustani nyingi za shule hufa. Ningeanza maandalizi yake Oktoba, kwa kuacha mistari miwili ya mchicha bila kuchumwa, irefuke na kutoa mashuke. Yakikauka yapukuchuliwe kwenye sinia na kupepetwa. Gramu moja ya mbegu za mchicha hupita punje elfu moja, hivyo mashuke machache yanatosha darasa zima. Kila mtoto aje na kasha tupu la kiberiti, aandike juu yake jina la tuta na tarehe ya kuvuna, na siku ya kufunga shule aondoke nalo mfukoni pamoja na ripoti yake.