Kinauma Wapi, Tangu Lini? Historia ya kuainisha maumivu ya kichwa, kutoka Meru na Embu

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria, lango la hifadhi utalikuta kwenye mita 2,950 hivi. Kabla ya kulifikia, katikati ya msitu, utakuwa umevuka mpaka usio na bango wala kizuizi: mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Waliouweka hawakuwa wapima ardhi. Ni madaktari wa maumivu ya kichwa, na waliuandika katika kitabu chao: mtu akipita kimo hicho, kichwa kikaanza kuuma, kikazidi kadiri anavyopanda au kikapoa ndani ya saa 24 tangu ashuke chini ya mpaka huo, maumivu hayo yana namba yake, 10.1.1, na chanzo chake ni uhaba wa oksijeni. Wapagazi wanaowafikisha wageni Point Lenana, mita 4,985, wanayafahamu bila kuambiwa namba. Wanajua pia tiba yake, ambayo ni kumgeuza mgeni na kumteremsha.

Kitabu hicho ni Uainishaji wa Kimataifa wa Maradhi ya Maumivu ya Kichwa. Toleo lake la tatu, lililokamilika mwaka 2018, lina sura 14 na aina zaidi ya 200 za maumivu. Nimekisoma nikiitafuta Meru na Embu ndani yake. Nimezikuta katika kurasa nyingi, na nimekuta pia mapengo ambayo hayafai kuachwa yalivyo.

Kazi ya kupanga maumivu ya kichwa ni kongwe. Katika karne ya 2, tabibu Aretaeus wa Kapadokia aliyagawa mafungu matatu: yanayokuja na kuondoka, yanayokaa muda mrefu, na yanayoshika upande mmoja wa kichwa. Fungu la tatu ndilo tunaloliita leo kipandauso. Galen alilipa jina la Kigiriki lenye maana ya nusu ya kichwa, Ibn Sina akalieleza katika kitabu chake cha tiba karne ya 11, na huku pwani yetu Waislamu wanalijua kwa habari za Mtume kupigwa chuku kichwani kwa ajili yake. Mwaka 1873 Mwingereza Edward Liveing aliandika kitabu kizima juu ya kipandauso, akikilinganisha na tufani inayovuma ndani ya mishipa ya fahamu. Watu hao wote walikuwa na chombo kimoja tu cha uchunguzi: kumuuliza mgonjwa na kumsikiliza. Chombo hicho hakijabadilika. Hadi leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoonyesha kipandauso.

Kandokando ya Mlima Kenya, maswali yaliulizwa kwa njia nyingine. Mganga wa Embu, mundu mugo, alitikisa kibuyu, akazimwaga mbegu zake na kuzihesabu. Alichotafuta hakikuwa upande gani wa kichwa unauma. Alitafuta nani amekosewa, laana gani imetamkwa, mzimu gani umesahauliwa. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, alionyesha jinsi utaalamu wa kuondoa laana ulivyokuwa umegawanyika kwa makini miongoni mwao. Huo nao ulikuwa uainishaji, ila uliyapanga magonjwa kwa kufuata chanzo chake katika jamii.

Serikali ya kikoloni iliweka kituo Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka 1922 na kuanzisha hospitali inayosimama hadi leo. Wamethodisti wakajenga yao Maua, Wakatoliki wa Consolata wakajenga Nkubu. Hospitali hizo zilikuja na darubini, na darubini ikamwona mdudu wa malaria. Kwa mtu wa Mbeere au Tharaka, kwenye nyanda za chini zenye joto, hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona, na halina budi kushukuriwa. Lakini lilizaa mazoea yaliyodumu miongo mingi: ukisema kichwa kinauma, mwili umechoka na viungo vimelegea, ulipewa dawa ya malaria ukaenda nyumbani. Mpaka mwaka 2010 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Kipimo cha tone la damu kikafika hadi zahanati. Sasa, hata kwenye zahanati, mama mwenye kipandauso aliweza kuambiwa kwa ushahidi kwamba hana malaria. Swali lililofuata, "basi nina nini?", mara nyingi lilibaki hewani.

Aliyekuwa na jibu la aina yake alikuwa upande wa pili wa nchi, Kisii. Mpasuaji wa jadi wa Abagusii, omobari, alimpokea mtu aliyepigwa rungu au kuanguka kisha akaumwa kichwa bila kukoma. Alimpasua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa wa fuvu mpaka atoe sehemu yake, na wengi walipona. Daktari wa akili Edward Margetts, aliyesimamia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi katika miaka ya 1950, aliyaandika hayo kwa kina katika utafiti uliochapishwa mwaka 1967. Kinachonivutia zaidi ni mipaka aliyojiwekea omobari, kwa kuwa kazi yake kuu ilikuwa kichwa kilichoumia kwa pigo. Sura ya 5 ya kitabu cha kimataifa inasema jambo lilelile kwa lugha ya hospitali: maumivu yanayoanza ndani ya siku 7 baada ya jeraha la kichwa, yakipita miezi 3, ni ya kudumu.

Jaribio la kwanza la kisasa la kuyapanga maumivu haya lilifanywa Marekani mwaka 1962, kamati ya wataalamu ilipotoa orodha ya mafungu 15. Kipandauso kilielezwa kwa maneno kama "mara nyingi" na "kwa kawaida", bila kusema mara ngapi wala kwa muda gani. Madaktari wawili wangeweza kumwona mgonjwa mmoja wakatoka na majina mawili, na wote wakawa sahihi kwa kitabu hicho.

Kilichovunja mkwamo huo ni kazi ya kamati iliyoongozwa na daktari Jes Olesen wa Denmark, chini ya Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa. Mwaka 1988 walichapisha toleo la kwanza katika jarida la Cephalalgia, na humo maneno legevu yakatupwa na hesabu zikaingia. Ili kiitwe kipandauso cha kawaida, lazima mtu awe ameshikwa angalau mara 5, kila mara kwa saa 4 hadi 72 asipotibiwa. Maumivu yawe na angalau sifa mbili kati ya nne: upande mmoja, kupwita kama mapigo ya moyo, ukali wa wastani au zaidi, na kuzidi mtu anapotembea au kupanda ngazi. Kisha pawepo kichefuchefu au kutapika, la sivyo mtu awe hawezi kustahimili mwanga na kelele kwa pamoja. Anayeona vimulimuli kwanza ana aina nyingine, na kwake mara 2 zinatosha. Maumivu ya mkazo, yale ya kichwa kubanwa pande zote bila kutapika, yana kanuni zake, vivyo hivyo yale ya jicho moja yanayomtesa mtu kwa dakika 15 hadi 180 na kurudi hata mara 8 kwa siku.

Ni kazi ninayoiheshimu sana, kwa sababu haihitaji mtambo wowote. Afisa wa kliniki huko Runyenjes au Mikinduri mwenye kalamu na subira anaweza kuifanya sawa na profesa wa Copenhagen.

Na kitabu kinaijua milima yetu kuliko waandishi wake walivyokusudia. Kwenye baridi ya Julai, familia ikifunga madirisha na kuliacha jiko la makaa chumbani, kaboni monoksidi hujaa. Maumivu yake yamo, namba 8.1.3, nayo ni onyo la kutoka nje mara moja kabla hayajawa mauti. Kafeini imo pia. Meru na Embu, pamoja na Kisii, ndizo sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kulima kahawa katika miaka ya 1930, ingawa wengi wetu tunakunywa chai. Aliyezoea zaidi ya miligramu 200 za kafeini kwa siku, yaani vikombe vinne au vitano vya chai nzito, akikosa ghafla, kichwa humuuma ndani ya saa 24. Wengi hukimbilia vidonge vya dukani vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini hiyohiyo. Hapo ndipo pana mtego ambao kitabu kinaueleza vizuri: anayemeza mchanganyiko huo siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata maumivu yanayoletwa na dawa yenyewe. Ningependa kila mwenye duka la dawa soko la Gakoromone alijue hilo.

Lakini sura ya 4 inataja maumivu ya kichwa kilichobanwa kwa nje, na mifano yake ni ukanda unaobana kichwa, kofia na miwani ya kuogelea. Mwanamke wa Meru au Embu amebeba kuni na maji kwa ukanda uliopita juu ya kipaji tangu enzi za bibi zake, na baadhi ya wazee wana bonde la ukanda huo kwenye fuvu. Yeye na mzigo wake hawatajwi. Sura ya 8 inaitaja kokeini kwa jina, lakini miraa na muguka, majani ya kutafunwa yanayolimwa Meru na Embu, hazimo. Kathinoni iliyomo ndani ya majani hayo ni ndugu wa amfetamini: hufukuza usingizi na kuua hamu ya kula, na usiku bila usingizi pamoja na mlo uliorukwa ni vichocheo viwili vya kipandauso vinavyojulikana sana.

Mapengo hayo yana gharama, kwa sababu asiyeulizwa hahesabiwi. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kipandauso kwa karibu watu wazima 18 katika kila 100. Uchunguzi kama huo nchini Zambia ulikuta karibu 23. Katika hesabu za mzigo wa ulemavu duniani za mwaka 2019, kipandauso kilipewa nafasi ya pili, na ya kwanza kwa wanawake vijana. Dawa za kukizuia zisizo ghali, propranololi na amitriptilini, zimo nchini siku nyingi. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, na kwa mwenye homa na shingo ngumu, au aliyepigwa na maumivu makali ya ghafla kama radi, mtu wa kuuliza haraka na kumkimbiza hospitali kuu.

Meru na Embu sasa zina vyuo vikuu vyao, hospitali za rufaa na wanafunzi wa tiba waliokulia kwenye mashamba ya miraa na muguka. Wakiwauliza wakulima, wapakiaji na watafunaji kwa kanuni zilezile za 1988, mara ngapi, saa ngapi, upande gani, baada ya nini, matokeo yao yana mahali pa kwenda: sura ya 8, katika toleo litakalofuata la kitabu hicho.