Tafuta Kwanza Mwaka Aliofariki Mwandishi

Kuna hesabu moja ambayo wapenda vitabu wengi huikosea, na huikosea kwa nia njema kabisa. Mtu ana nakala ya *Rosa Mistika*, karatasi zimekuwa za njano, jalada limeng'oka. Anafungua ndani: ilichapishwa 1971. Amesikia mahali kwamba hakimiliki hudumu miaka hamsini. Anajumlisha, anapata 2021. Basi, anasema, kitabu sasa ni cha wote, ngoja nikiskani nikipandishe mtandaoni wenzangu wasome bure.

Hesabu yenyewe iko sawa, ila imeanzia pasipo. Sheria haiulizi kitabu kina umri gani. Inauliza mwandishi alifariki lini. Euphrase Kezilahabi alituacha Januari 2020. Kwa sheria ya Tanzania, miaka hamsini inaanza kuhesabiwa hapo, na *Rosa Mistika* italindwa mpaka mwisho wa 2070. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima wa makamo kabla kitabu hicho hakijawa huru.

Sasa mgeukie mwingine. Huyu ana *Kusadikika* ya Shaaban Robert, na anaogopa kunukuu hata kurasa mbili kwa sababu toleo lake, la miaka ya karibuni, lina alama ya hakimiliki na jina la mchapishaji. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Ulinzi wa maandishi yake hapa Tanzania uliisha tarehe 31 Desemba 2012. Anachokiogopa kimekuwa mali ya umma kwa zaidi ya miaka kumi.

Ndiyo hali yetu. Tunavichukua visivyo vyetu na kuviogopa vilivyo vyetu. Ukichunguza sana, tatizo halimo kwenye sheria. Sheria ni fupi na unaweza kuielewa ukiwa kwenye daladala. Tatizo ni historia: hatujui waandishi wetu walikufa lini.

Miaka hamsini ilitoka wapi

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Uingereza, ya 1710, ilikipa kitabu kipya miaka 14, na kama mwandishi angali hai muda huo ukiisha, anaongezewa mingine 14. Hapo ilitosha kuangalia mwaka wa kuchapishwa. Baadaye mawazo yakabadilika. Mwaka 1908, mataifa yaliyokuwa kwenye Mkataba wa Berne yalikutana Berlin na kukubaliana juu ya maisha ya mwandishi na miaka hamsini baada ya kifo chake. Uingereza ikaingiza hesabu hiyo katika sheria yake ya 1911, na sheria hiyo ikasambazwa kwenye himaya yake, ikafika mpaka Tanganyika.

Baada ya uhuru tukatunga sheria yetu mwaka 1966, kisha nyingine mwaka 1999, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo tunayoitumia. Tanzania iliingia rasmi kwenye Mkataba wa Berne mwaka 1994, Kenya mwaka mmoja kabla. Nchi zote mbili zinahesabu uhai wa mwandishi na miaka hamsini.

Angalia basi kilichotokea njiani. Sheria ya 1710 ilikutaka ukijue kitabu. Hii ya sasa inakutaka umjue marehemu. Kwa nchi yenye kumbukumbu za vizazi na vifo za karne kadhaa, hilo si jambo kubwa. Kwetu ni mtihani.

Habari njema ni kwamba siku yenyewe haina uzito. Hesabu inaanza Januari mosi ya mwaka unaofuata kifo, kwa hiyo aliyefariki Februari na aliyefariki Novemba wanakwenda sawa. Ukiupata mwaka, umemaliza kazi. Kwa wale ambao mwaka wao unajulikana, mambo ni mepesi mno. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwenye *Sheria za Kutunga Mashairi*, alifariki 1964: kazi zake ziko huru hapa tangu Januari 2015. Mathias Mnyampala alifariki 1969: ziko huru tangu Januari 2020. Tungekuwa na desturi ya kusherehekea Januari mosi kama wenzetu wa nchi nyingine wanavyofanya vitabu vinapotoka kifungoni, tungekuwa tayari tumecheza ngoma mara kadhaa.

Kitabu kimoja, saa tatu

Turudi kwa Shaaban Robert, maana kwake mambo yananoga. *Kusadikika* ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951, ikichapishwa na kampuni ya Nelson ya London. Mwandishi ni mtu wa Tanga, lugha ni Kiswahili, ila kwa mambo ya hakimiliki kitabu kilizaliwa Uingereza. Na Uingereza tangu miaka ya 1990 inahesabu miaka sabini baada ya kifo. Kule *Kusadikika* italindwa mpaka mwisho wa 2032.

Marekani nako kuna hesabu yake. Vitabu vya kigeni vya miaka ile ambavyo vilikuwa bado vinalindwa kwao Januari 1996 vilipewa miaka 95 tangu kuchapishwa. 1951 jumlisha 95 ni 2046. Kwa hiyo maktaba ya mtandaoni iliyoko Marekani haina ruhusa ya kuiweka wazi *Kusadikika* kabla ya Januari 2047, wakati mwalimu wa Handeni anaweza kuichapa na kuigawa kwa wanafunzi wake leo hii bila kumuuliza mtu.

Mwalimu mwenyewe, hata hivyo, huenda hana nakala ya kuchapa. Matoleo ya mwanzo ya vitabu vyetu vingi ni rahisi kuyakuta kwenye maktaba za vyuo vya Ulaya kuliko za wilaya zetu. Aliye huru kuchapa hana kitabu, aliye na kitabu hana ruhusa. Ukiuliza tu "hakimiliki imeisha?" bila kusema wapi, hujauliza swali zima.

Kuna na vile vilivyotoka mwandishi akiwa ameshazikwa. *Kufikirika* ilichapishwa 1967, *Utubora Mkulima* 1968, miaka mitano na sita baada ya kifo chake. Je, hivi vinahesabiwa tofauti? Hata ukiamua kuwa mkali na kuhesabu miaka hamsini tangu kuchapishwa, unaishia 2018. Njia fupi au njia ndefu, hapa kwetu saa imeshagonga.

Alama kwenye ukurasa wa pili

Na ile alama ya hakimiliki inayowatia watu hofu? Mchapishaji anapotoa toleo jipya la kitabu cha zamani, kilicho chake ni kile alichokiongeza: utangulizi mpya, maelezo ya msamiati, picha, jalada. Maneno ya mwandishi hayaanzi kuzeeka upya kwa sababu yamepangwa kwa herufi mpya. Hata kama mwandishi aliiuzia kampuni haki zake zote akiwa hai, muda unabaki kupimwa kwa maisha yake, si kwa maisha ya kampuni. Anayetaka kuwa salama atafute toleo la zamani, aache utangulizi wa profesa, achukue maneno ya marehemu peke yake.

Kanuni hiyohiyo inakata na upande wa pili. Shakespeare alifariki 1616, hakuna wa kumdai mtu senti. Lakini *Mabepari wa Venisi* ni kazi ya Mwalimu Nyerere, na Mwalimu alifariki Oktoba 1999. Tafsiri hiyo ina mwenyewe mpaka mwisho wa 2049. Watu wanaibandika kila mahali kwa hoja kwamba "Shakespeare ni wa wote." Shakespeare ndiyo, Kiswahili kile hapana. Mfasiri naye ni mwandishi, na ana warithi.

Mwandishi ni nani hasa?

Mpaka hapa nimechukulia kwamba jina la mwandishi liko juu ya jalada. Si mara zote. Mwaka 1903 kilitoka Ujerumani kitabu *Desturi za Wasuaheli*, na jina linaloonekana ni la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili kule Berlin. Anayetambuliwa na wataalamu leo kuwa mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha lugha yake, akaoa Mjerumani, na kwa sababu ya ndoa hiyo akazuiwa na wakoloni kurudi kuishi kwao na mkewe. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Sheria inauliza mwandishi alikufa lini. Ukimjibu Velten, ni 1935. Ukimjibu Mtoro, ni 1927. Kwa bahati nzuri jibu lolote linatufikisha salama: hata kwa miaka sabini ya Ujerumani, ulinzi uliisha ama 1997 ama 2005. (Tafsiri ya Kiingereza ya 1981 ni habari nyingine, ina hesabu yake.) Lakini ona jinsi swali kavu la kisheria lilivyotulazimisha kuuliza swali ambalo jalada lililificha kwa miongo mingi: haya maneno ni ya nani? Mtu aliyenyang'anywa njia ya kurudi kwao alinyang'anywa na jalada.

Fikiria na washairi wa magazeti. *Mambo Leo* lilianza 1923, na wengi walioandika humo walijificha nyuma ya lakabu. Kwa kazi isiyo na jina la kweli, sheria yetu inahesabu miaka hamsini tangu kuchapishwa. Shairi la 1950 lingekuwa huru mwisho wa 2000. Ila ikijulikana kwamba mwenye lakabu ile alikuwa babu wa mtu fulani, na babu huyo aliishi mpaka 1988, saa inahamia kwenye kifo chake na mwisho wake unakuwa 2038. Kumjua mshairi kunampa heshima yake, na kunawapa wajukuu haki yao.

Daftari tusilokuwa nalo

Mtu atasema, si kuna ofisi? Ipo. Tanzania kuna COSOTA, Kenya kuna Bodi ya Hakimiliki. Lakini hakimiliki haihitaji kusajiliwa ili iwepo. Inazaliwa siku kazi inapoandikwa. Kwa hiyo daftari la ofisi haliwezi kukueleza kila kitu, na jina kutokuwepo humo si ruhusa.

Daftari linalohitajika ni jingine kabisa, na halihitaji wakili. Ni orodha ya waandishi wetu na mwaka aliofariki kila mmoja. Mwaka huo uko kwenye tanzia za magazeti, kwenye vibao vya makaburi, kwenye hati za mirathi, kwenye vichwa vya wazee ambao nao wanaondoka. Mwandishi wa riwaya ndogo ya miaka ya 1960, aliyekuwa karani au katekista au mwalimu wa shule ya msingi, akifa bila mtu kuandika mwaka, kitabu chake kinabaki kwenye kiza: mchapishaji mwaminifu hathubutu kukigusa, na mwizi hakijali. Warithi hawapati kitu, wasomaji hawapati kitabu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila unapomtaja mwandishi wa Kiswahili aliyetangulia, iwe kwenye uhakiki, makala au tasnifu, andika miaka yake miwili kwenye mabano, wa kuzaliwa na wa kufa. Kama wa kufa haujulikani na unatoka mji mmoja naye, nenda ukaulize kwao. Warithi wenyewe watafurahi kwamba kuna aliyekuja kumuulizia. Nakala moja ya kitabu chake inaweza kuwa imebaki ndani ya sanduku la nyumba hiyohiyo.