Stempu za Vita vya Kongo, 1960–1963: Mtazamo kutoka Bukavu

Mkusanyaji wa stempu na mwanahistoria hukipenda kitu kimoja kwa sababu zinazopingana. Wa kwanza ataka stempu safi, isiyoguswa na wino wa posta. Wa pili ataka iliyogongwa muhuri, ikiwa bado imebandikwa juu ya bahasha yake. Makala haya yanatetea upande wa pili, kwa mfano wa stempu zilizotumika Kongo nchi ilipokuwa imegawanyika.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Serikali yake haikuwa na stempu, ikafanya kama wafanyavyo wenye haraka: ilichukua akiba iliyoachwa na Wabelgiji, yenye picha za maua na wanyama, ikapiga juu yake neno KATANGA. Leopoldville nayo ilipiga juu ya akiba yake neno CONGO. Lakini yenye mafunzo zaidi ni ile stempu ya uhuru. Picha yake ni ramani ya Kongo nzima, nayo Katanga ikaipiga chapa ya tarehe 11 Julai na jina la dola yake. Ramani ya nchi moja ikatumika kutangaza kwamba nchi hiyo imevunjika! Ni nadra kupata hati fupi kuliko hiyo.

Baadaye Katanga ilitoa stempu zake yenyewe, zikiwemo zenye sanaa za uchongaji za mwaka 1961. Huko Kasai ya Kusini, Albert Kalonji alitoa stempu za kichwa cha chui na nyingine za sura yake mwenyewe.

Kwa nini dola changa, zikiwa vitani, zihangaike na vipande vya karatasi? Hakuna nchi iliyoitambua rasmi Katanga, wala haikuwa mwanachama wa Umoja wa Posta Duniani. Balozi wake angeweza kufungiwa mlango, lakini barua ilipita. Aidha, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuwa tayari kulipa fedha za kigeni. Stempu nyingi za namna hii hugongwa muhuri kwa ajili ya soko tu, bila kubeba hata salamu moja. Kwa hiyo wingi wa stempu za Katanga katika makusanyo ya leo haupimi wingi wa barua zilizoandikwa. Unapima zaidi uwezo wa serikali iliyopokea kodi za kampuni ya madini ya Union Minière.

Sasa tuitazame Bukavu. Tarehe 25 Desemba 1960 askari kutoka Stanleyville waliingia mjini wakamkamata Jean Miruho, rais wa jimbo la Kivu. Siku ya kwanza ya Januari 1961 askari wa Mobutu, waliopitia Usumbura katika Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Ubelgiji, walijaribu kuuteka mji, wakashindwa. Anicet Kashamura akatawala hapa kwa niaba ya serikali ya Antoine Gizenga, ambayo baadhi ya nchi, zikiwemo Muungano wa Kisovieti na Misri, ziliitambua. Mambo yalibadilika tena Agosti 1961, Gizenga alipokubali kuingia katika serikali ya Cyrille Adoula.

Tofauti na Tshombe, Gizenga hakudai kujitenga. Alidai kuwa yeye ndiye mrithi halali wa Lumumba, na kwamba Kongo yote ni moja. Hapo ndipo stempu peke yake inapotunyima jibu. Neno CONGO lilidaiwa na Leopoldville, likadaiwa na Stanleyville vilevile. Ukiibandua stempu hiyo kwenye bahasha, umeondoa ushahidi wa ni serikali ipi iliyoipokea barua. Ushahidi umo katika muhuri wa Bukavu, katika tarehe, na katika alama za nyuma zinazoonyesha kama barua ilipitia Usumbura au njia nyingine. Hata barua iliyorudishwa kwa mwandishi wake ina habari: huenda njia ilikuwa imefungwa wiki ile.

Ndiyo maana orodha za wauzaji humpotosha mwanafunzi. Katanga ina kurasa zake, picha zake na bei zake, nayo Kivu ya miezi ile huonekana kama mahali pasipotokea jambo. Anayejifunza vita hivi kwa orodha hizo hujifunza historia ya upande uliokuwa na fedha.

Mwandishi wa makala haya amewahi kuonyeshwa sanduku la barua za familia moja ya hapa mjini. Kona za juu za bahasha zote zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, na stempu zimekwisha kuuzwa. Muhuri ulikwenda pamoja nazo. Kwa kuwa barua nyingi hazikuandikwa mwaka, hatukuweza kuzipanga. Masanduku mengine hayapo kabisa: watu waliokimbia mji mwaka 1996, 2004 au 2025 hawakubeba karatasi.

Tunawaomba basi wanafunzi wetu wa historia waanze nyumbani kwao. Bahasha inakiliwe mbele na nyuma kabla ya jambo lolote, stempu isibanduliwe kwa mvuke, na barua ya ndani isisomwe hadharani bila idhini ya mwenyewe au ya watoto wake. Mzee akisema kuwa barua fulani ilichukua miezi mitatu kufika, maneno yake yaandikwe na kulinganishwa na mihuri miwili, wa kuondoka na wa kufika.